Programu za kuendeshea biashara changa: tulizoziacha na tulizobaki nazo kwenye maziwa, Moshi

Mtindi wa Mlimani (mleta uzi)

Habari za jioni wakuu.

Mwezi huu peke yake watu wanne wameniuliza swali moja: tumesajili kampuni BRELA, TIN tunayo, sasa tununue programu gani ya kuendeshea biashara? Wawili wako Arusha, mmoja Himo, mmoja hapahapa Moshi. Nimeona niandike kwa urefu mara moja. Jibu nililokuwa nikiwapa, kwamba inategemea na biashara, niliwahi kupewa na mimi nilipokuwa naanza, halikunisaidia kitu.

Sisi tunakusanya maziwa. Tuna vituo vitatu, viwili Machame na kimoja Kibosho, na wafugaji 64, wengi wao akina mama wenye ng'ombe mmoja au wawili kihambani. Maziwa yanapimwa asubuhi na jioni, yanashuka mjini na kirikuu, tunagandisha mtindi na kusambaza madukani, migahawani na kwenye hosteli. Mara mbili kwa wiki mzigo unakwenda Arusha. Wafugaji tunawalipa kila baada ya wiki mbili. Tuko watu sita kazini.

Tulianza kwa kununua. Tuliuziwa mfumo unaofanya kila kitu: stoo, mauzo, mishahara, wateja, mpaka likizo za wafanyakazi. Malipo yalikuwa dola 12 kwa mtu mmoja kwa mwezi, kwa hiyo watu sita ni dola 72. Mwaka 2022 dola ilikuwa inacheza kwenye shilingi 2,300, ikawa tunatoa kama 165,600. Tulikaa na mfumo ule miaka miwili. Kufikia Aprili 2024 dola ilikuwa inakaribia 2,600 na zile dola 72 zikawa karibu shilingi 187,000 kwa mwezi, wakati pakiti ya mtindi dukani tulikuwa tunaiuza bei ileile. Ukiona bei ya programu imeandikwa kwa dola, ujue umejifunga na kitu ambacho huna mamlaka nacho. Iweke kwenye hesabu zako tangu siku ya kwanza.

Lakini bei haikuwa ndiyo iliyotuumiza zaidi. Mkusanyaji wetu wa Kibosho alikuwa na kitochi. Mfumo ulitaka intaneti muda wote na maandishi yake yote yalikuwa Kiingereza. Kwa hiyo aliandika kwenye daftari, daftari likashuka na kirikuu, na usiku mdogo wangu akakaa kuingiza. Wafugaji 64 mara mbili kwa siku ni maingizo 128. Kwa siku 14 ni maingizo 1,792, yanayoandikwa na mtu aliyechoka, akisoma mwandiko wa mtu mwingine aliyechoka. Kila siku ya malipo mama mmoja au wawili walikuwa wanakuja kituoni: "Jumanne ile nilileta lita tano na nusu, nyie mmenilipa tano." Nani mkweli? Hatukuwa na cha kumwonyesha. Mfumo ulikuwa na ripoti za kila aina, zenye grafu za rangi, na hakuna hata moja iliyoweza kumjibu yule mama.

Na tofauti hiyo ilikuwepo kweli. Tulipima wiki nzima tukilinganisha lita zilizoandikwa kituoni na lita zilizofika kiwandani kwetu. Tofauti ilikuwa kama lita 11 kwa siku. Kwa bei ya shilingi 1,200 ni 13,200 kwa siku, karibu laki nne kwa mwezi. Huo ni mshahara wa mtu.

Hapo ndipo tulipozima kompyuta. Tulinunua karatasi ya manila, tukachora safari ya lita moja kuanzia kwenye chuchu ya ng'ombe mpaka hela inapoingia kwenye simu ya mfugaji. Kila inapobadilisha mikono tuliandika: nani anapima, anaandika wapi, nani mwingine anaona alichoandika. Mikono ilikuwa saba. Miwili ndiyo iliyokuwa inavuja: kipimo cha kituoni, na mali kauli (mzigo tunaowakopesha) kule madukani. Mengine yote, pamoja na mishahara ya watu sita na hizo likizo, yalitosha kwenye ukurasa mmoja wa daftari. Maana yake tulikuwa tunalipia mfumo mzima wakati shida yetu ilikuwa sehemu mbili.

Kwa kipimo cha kituoni, chombo cha kwanza tulichochagua ni kadi ya karatasi. Najua nimeahidi programu, nivumilieni. Babu yangu aliuza kahawa kupitia chama cha msingi chini ya KNCU, ushirika ulioanzishwa mwaka 1933, na stakabadhi zake alizitunza kwenye kopo la kahawa hadi anafariki. Mkulima wa mlima huu anaamini karatasi anayoondoka nayo mkononi. Kwa hiyo kila mama ana kadi yake, inaandikwa palepale mbele yake, mkusanyaji anatia saini. Baada ya hapo ndipo mkusanyaji anaingiza namba ileile kwenye Google Sheets (jedwali la mtandaoni la Google) kwa simu janja ya bei ya kawaida tuliyomnunulia.

Kwa nini Google Sheets? Faili unaweza kuliruhusu lifanye kazi bila mtandao, likakaa na maingizo mpaka simu ipate intaneti. Kule juu Kibosho hilo peke yake linatosha kuwa sababu. Safu za bei na jumla tumezifunga asiweze kuzigusa mtu mwingine. Na linatunza historia: nani alibadilisha namba, lini, ilikuwa ngapi kabla. Kuna mtu aliniambia Sheets ni ya watoto, itajaa. Nilipiga hesabu. Ukomo wake ni seli (visanduku vya jedwali) milioni 10. Maingizo yetu 128 kwa siku, kila moja seli sita, ni seli 280,320 kwa mwaka. Kujaa kungechukua zaidi ya miaka 35. Kweli faili linakuwa zito mapema kuliko hapo, hasa kwenye simu ndogo, kwa hiyo kila Januari tunafungua jipya.

Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika na intaneti ikasuasua nchi nzima, tulikuwa siku tatu kabla ya malipo. Tulijumlisha kwa kadi na kikokotoo, tarehe 15 tulikuwa tayari. Wenzetu waliokuwa na kila kitu kwenye mfumo wa mtandaoni walisubiri.

Sasa SMS. Akina mama wengi wana vitochi, na WhatsApp haiwafikii. Tunatumia huduma ya kutuma ujumbe mfupi kwa mkupuo: siku moja kabla ya malipo kila mfugaji anapata hesabu yake. Tulipoanza gharama ilitushangaza, kila ujumbe ulikatwa mara mbili, mwingine mara tatu. Ilituchukua mwezi kugundua kwamba chanzo ni neno "ng'ombe". Ujumbe mmoja una nafasi ya herufi 160, mradi utumie herufi za kawaida. Kompyuta yetu ilikuwa inageuza ile alama ya kwenye ng'ombe kuwa ya kupinda, na alama ya kupinda haimo kwenye orodha ya herufi za kawaida za SMS. Ikiwemo hata moja, ujumbe wote unashuka hadi herufi 70. Emoji inafanya vilevile. Kwa Kiswahili chetu chenye ng'ombe, ng'ambo na kung'oa, hili litamkuta kila atakayetuma ujumbe wa biashara. Andika alama iliyonyooka, au tafuta neno jingine.

Kwa mali kauli za madukani tuna WhatsApp Business. Ni bure, ina katalogi, majibu ya haraka, na lebo. Lebo ndizo zilizotuokoa: "amelipa", "anadaiwa", "amezidi siku 7". Dereva akishusha mzigo anapiga picha daftari la dukani lenye saini ya Mangi mwenye duka na kuituma palepale. Ujumbe wa tangazo unakwenda kwa watu 256 kwa orodha moja, na anaupata yule tu aliyehifadhi namba yako, kwa hiyo siku ya kwanza ya kufungua mteja dereva anahakikisha namba yetu imehifadhiwa. Malipo yanaingia kwa Lipa Namba ya kampuni. Tulikataza kabisa hela kupita kwenye laini ya mtu binafsi, hata yangu.

Kwa leo niishie hapa, maswali nitajibu.

Bolti na Misumari

Mkuu umeandika vitu vya kweli. Mimi nina duka la vifaa vya ujenzi karibu na soko la Kilombero, Arusha. Kwangu uvujaji uko kwenye stoo, vitu vidogo vidogo elfu mbili na zaidi. Sheets ilinishinda ndani ya wiki mbili kwa sababu vijana wa kaunta hawana muda wa kuandika, mteja amesimama na bodaboda inanguruma. Nikahamia Loyverse, programu ya mauzo ya kaunta, kwenye simu. Inauza hata mtandao ukiwa umekata, ukirudi inapeleka yenyewe. Inanionyesha bolti za nusu inchi zimebaki ngapi. Shida niliyoipata ni kwamba kijana alikuwa anawapa wateja risiti ya programu ile na kudhani kazi imekwisha.

Mtindi wa Mlimani

Asante sana, na hapo pa risiti naomba kila anayesoma asimame kidogo. Risiti inayotoka kwenye programu ya mauzo ni ya kumbukumbu yako na mteja. Risiti ya TRA ni ile ya EFD, mashine ya risiti za kodi, au ya VFD ambayo inatolewa kwa programu bila ile mashine. EFD zimekuwepo tangu 2010, kwa hiyo wateja wakubwa kama hoteli wanaijua vizuri na bila hiyo hawakulipi. Kabla ya kuchagua programu ya mauzo muulize muuzaji kama inaongea na VFD. Kama haiongei, kaunta itaandika kila kitu mara mbili, na siku ya haraka kimoja kitaachwa. Unajua kitakachoachwa.

Na wewe umenifundisha: kwenye kaunta chombo lazima kiwe cha kugusa mara moja. Mkusanyaji wetu ana wafugaji ishirini tu asubuhi, ana nafasi ya kuandika.

Leja Haidanganyi

Naandika kama mhasibu, niko Moshi mjini, nahudumia biashara ndogo nyingi. Nakubaliana na mengi ila niongeze.

Sheets inakupa namba, haikupi vitabu. Ikifika mahali una madeni pande mbili, unadaiwa na wafugaji na unawadai wenye maduka, unahitaji programu ya uhasibu inayoandika kila muamala upande wa kulia na wa kushoto. Hapa kwetu wahasibu wengi tumezoea Tally na QuickBooks. Kabla hujanunua, muulize mhasibu wako anaijua ipi. Nimeona kampuni imelipia programu nzuri sana ya mwaka mzima, na kila robo mwaka mhasibu anaandika upya kila kitu kwenye anayoijua yeye.

Pili, sheria inataka utunze kumbukumbu za kodi kwa miaka mitano. Programu unayolipia kwa mwezi ukiacha kuilipa mwaka wa pili, kumbukumbu za mwaka wa kwanza utazipata wapi? Kila mwisho wa mwezi toa ripoti kwa PDF na miamala kwa CSV (faili la jedwali linalofunguka kwenye Sheets au Excel), weka kwenye diski yako.

Tatu, mipaka. Ukomo wa kujisajili VAT ni mauzo ya milioni 200 kwa mwaka tangu Julai 2023, zamani ilikuwa milioni 100. Ukifika waajiriwa 10 tozo ya SDL, ya kuendeleza ujuzi, inakuhusu, asilimia 3.5 ya mishahara. Andika namba hizi mbili juu ya meza. Ukizikaribia ndiyo wakati wa kubadilisha programu. Wakija TRA, muda wa kuchagua kwa utulivu umeshapita.

Mtindi wa Mlimani

Mhasibu, nimechukua. Sisi tulihamia kwenye programu ya uhasibu mwaka wa tatu, na kweli tulianza kwa kumuuliza mhasibu wetu. Sheets imebaki kituoni, mwisho wa wiki jumla tu ndizo zinazoingizwa kwenye vitabu.

Kijana wa Njiro

Dada samahani, mimi ni msanidi programu. Kwa nini usitengenezewe mfumo wako mwenyewe? Kuna ERPNext na Odoo Community, mifumo ya kuendeshea biashara ambayo msimbo wake uko wazi, unaweka kwenye sava yako (kompyuta inayobeba mfumo), hulipi dola kwa kila mtu. Vijana tupo wengi hapa Arusha wenye uwezo huo. Naona watu wanalalamika programu za nje hazitufai halafu za ndani hawazipi nafasi.

Mtindi wa Mlimani

Usiombe samahani mdogo wangu, hoja yako ni nzito na nitaijibu kwa uzito wake.

Mfumo wetu wa kwanza, ule wa dola 72, siku tunauacha tuliomba data yetu. Majina ya wafugaji, lita zao za miaka miwili, madeni ya maduka. Tukapewa PDF ya kurasa mia tatu na kitu. PDF huwezi kuipanga wala kuijumlisha. Mdogo wangu na binamu yetu aliyekuwa likizo waliketi siku kumi na moja wakinakili kwa mkono. Nilikuwa nawaangalia pale mezani saa sita usiku na nilijisikia vibaya sana, kwa sababu mimi ndiye niliyesaini mkataba bila kuuliza. Tangu hapo, kabla hatujaingiza mfugaji hata mmoja kwenye programu mpya, tunaingiza majina matano ya majaribio halafu tunajaribu kuyatoa kwa CSV. Yakishindikana kutoka, tunaiacha siku hiyohiyo.

Kwa hiyo msimbo ulio wazi naupenda, kwa sababu data ni yako na iko kwenye sava unayoijua. Kinachonizuia ni huyo mtu wa sava. Ukihamia Dar, au ukapata kazi nzuri zaidi, na mimi nakutakia uipate, nani atainua sava saa kumi na moja alfajiri maziwa yakiwa yanapimwa? Biashara ya watu sita haiwezi kumlipa mtu wa kazi hiyo kila mwezi. Mkiwa kikundi, vijana watatu au wanne wenye mkataba wa matunzo, na mkawahudumia biashara kumi za aina moja kwa mfumo mmoja, hapo ningekaa mezani nanyi kesho. Vituo vya maziwa viko vingi Hai, Siha mpaka Meru, na shida zetu zinafanana. Anzeni kwa kupanda gari kwenda kukaa kituoni wiki moja, saa kumi na moja alfajiri mkusanyaji anapowasha tochi.

Kijana wa Njiro

Nimekuelewa dada. Nitakutafuta, nije hiyo wiki.

Bibi Shamba

Wanangu, mmeandika majina na namba za simu za watu 64. Je, mnajua kuna sheria?

Mtindi wa Mlimani

Tunajua mama, asante kwa kutukumbusha. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilipitishwa 2022 na kuanza kazi tarehe 1 Mei 2023, na ipo Tume yake ambayo anayekusanya taarifa za watu anatakiwa kujisajili kwayo. Namba ya simu na namba ya NIDA ya mfugaji ni mali ya mfugaji. Sisi tulipunguza: kwenye faili la kituoni kuna namba ya kadi na lita tu. Majina na simu viko kwenye faili jingine ambalo watu wawili ndio wenye ruhusa. Mwanzoni lilikuwa wazi kwa kila mwenye kiungo, na kiungo kilikuwa kinazunguka kwenye kundi la WhatsApp. Tulikuwa tunakosea.

Na hili linaendana na jingine nililosahau: akaunti ni ya nani? Faili zetu zote za mwaka wa kwanza zilikuwa kwenye barua pepe binafsi ya mfanyakazi aliyekuja kuondoka. Aliondoka kwa amani na akatukabidhi kila kitu, Mungu ambariki, lakini asingependa tusingekuwa na la kufanya. Sasa tuna anwani yetu ya .co.tz, akaunti zote zimefunguliwa kwa barua pepe ya kampuni, na laini ya WhatsApp imesajiliwa kwa jina la kampuni.

Kuku wa Kienyeji Boma

Mimi nina kuku na wateja wengi wa vitochi. Huo ujumbe wa SMS mnaandikaje ukatosha herufi 160 na mtu akaelewa? Mimi nikiandika unafika mia mbili.

Mtindi wa Mlimani

Tuliuandika mara nyingi, na mwisho tulikaa na akina mama wanne pale kituoni wakausoma kwa sauti mbele yetu. Tulikuwa tumeandika jumla peke yake, wakasema hapana, wanataka asubuhi na jioni zitengane kwa sababu maziwa ya jioni wengine huleta watoto. Jina waliona halina haja, namba ya kadi inatosha. Pumba wanazokopa tuliziita "makato mengineyo", wakataka ziitwe pumba. Kwa hiyo sasa ni hivi:

MAZIWA 1-14. Namba 27. Asubuhi lita 81.5, jioni lita 58. Jumla 139.5 x 1200 = 167400. Makato ya pumba 22000. Utalipwa 145400 kesho saa 4 asubuhi.

Herufi 145 pamoja na nafasi, na hakuna ng'ombe ndani yake. Zimebaki 15. Mwezi ujao hapo tunaweka namba ya simu ya kituo, ili mwenye swali apige kabla hela haijatoka.